Nilijua, Nikashika Usukani

Ikiwa wewe ni dereva, na siku hizi kuna dakika zinakupotea hujui zimekwenda wapi, kaa chini unisikilize. Sitakueleza ubongo unavyofanya kazi. Hayo waulize waliosoma. Nitakwambia nilivyokificha kifafa changu huku nikiendesha lori, na nani walioumia kwa ajili yangu. Ukimaliza unitukane ukitaka. Nimeshatukanwa na watu wanaojua kutukana.

Jina langu Halidi. Wazazi wangu ni watu wa Moroni, lakini mimi nilizaliwa na kukulia Unguja, ndiyo maana naandika kwa lugha hii. Gari nilifundishwa huko huko, na mzee mmoja aliyenipiga kofi la kisogo kila nilipotazama boneti. "Tazama mbali wewe! Boneti haikimbii!" Huyo alinitia kichwani kuendesha kwa kujihami. Mchukulie kila unayekutana naye barabarani kuwa leo hana akili. Acha nafasi mbele yako ya kutosha kosa lake na lako. Honi ipigwe kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukiona mbuzi au mtoto, mguu uwe tayari juu ya breki.

Niliporudi visiwani kwetu nilikuta watu wanapita upande wa kulia, na mimi nimezoea kushoto. Nikajifunza upya. Nikaoa Mutsamudu, mji wa bandari kwenye kisiwa kingine, nikapewa lori la mfanyabiashara wa mchele na mbao, na kwa miaka tisa sikugonga hata kuku. Nilikuwa na kiburi, wallahi, kiburi cha kuudhi.

Mke wangu, Zainaba, alikuwa mwalimu wa skuli. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya mke, kajengewa na watu wake, na mume akichokwa hukuta nguo zake nje ya mlango. Nyumba ya Zainaba ilikuwa ndani ya mji wa kale, chini ya ngome, kwenye vichochoro visivyopitika ila kwa miguu. Lori nililiacha bandarini kila jioni nikapanda nyumbani, na majirani wakiniamkia "dereva" kabla ya kunitaja jina.

Ukaja uhuru. Wafaransa wakafungasha, na madaktari wao wakaondoka nao. Baadaye kiongozi mpya akawapa vijana madaraka na bunduki. Siasa siitaki hapa. Wako waliompenda na wako waliomlaani. Ila kijana mmoja alinisimamisha karibu na Ouani, mji wa jirani, kashkazi ile ya kwanza, akaniamuru nishushe magunia yote mwenyewe ayakague. Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako anajua uko wapi?"

Ulimi wangu huo. Kitako cha bunduki kilinipata juu ya sikio la kushoto. Cha pili sikukisikia. Waliokuwapo waliniambia nilipigwa mpaka kijana mwenyewe akachoka, halafu wakaniburura kama gunia la mchele na kuniacha kando ya njia.

Hospitali ya Mutsamudu ilikuwa na muuguzi mmoja na foleni iliyofika nje. Nililazwa juu ya benchi, damu imenigandia shingoni, nzi wananila. Mwanamke nisiyemjua, aliyekuja na jino linalomuuma, alikaa kichwani kwangu tangu asubuhi mpaka alasiri akinipungia kwa ncha ya shiromani yake, ile nguo aliyojitanda, shavu lake limevimba hivi. Zamu yake ilipofika alisema, "Mtieni huyu kwanza." Sikupata kumjua jina. Namwombea kila Ijumaa.

Kidonda kilifunga, nywele zikaota juu ya kovu. Kusi ilipoingia, dakika zikaanza kupotea. Kwanza ilikuja harufu ya karafuu zinazoungua, kali, mpaka nageuka kutafuta moshi. Halafu hakuna kitu. Halafu najikuta nimeshika usukani na lori liko upande wa kushoto wa barabara, linakwenda polepole, kama niko Unguja na nina miaka kumi na minane. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nilisimamisha gari nikatapika.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Dereva anayepotewa na fahamu ni nani? Si kitu.

Mwili ukanisemea wenyewe. Ijumaa moja, tumetoka msikitini, tumekaa mkekani kwa Zainaba tunakula, nikaanguka juu ya sinia. Nilipozinduka wanaume wanne walikuwa wamenikalia. Mjomba wa Zainaba, mzee Bakari, alikuwa kanisukumia kijiko cha chuma mdomoni kwa nguvu zake zote, na meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yamelala ndani ya wali. Sikiliza nikwambie: usimtie mtu kijiko mdomoni. Usimkalie. Mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, umngojee arudi. Meno hayaoti tena kwa mtu mzima.

Mzee Bakari aliamua kuwa ni jini. Akaletwa fundi wa majini, akanivua shati, akanichapa kwa fimbo za mpera siku tatu ili jini lijitaje. Jini halikusema neno. Mimi nilisema mengi, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Siku ya tatu Zainaba aliingia, ametoka skuli, vumbi la chaki bado liko mikononi, akamnyang'anya yule mtu fimbo akaivunjia gotini mwake mwenyewe.

"Umempiga jini au umempiga mume wangu?" alimuuliza. "Mtazame mgongo! Jini gani lina mgongo?"

Mjomba wake akafoka kuwa anatia watu aibu. Wiki ile ile tulipanda ndege ndogo Ouani tukaenda Moroni, tukafikia mtaa wa Badjanani kwa dada wa mama yangu.

Hospitali ya Moroni tulingoja siku tatu. Ukitaka kumjua mkeo, ngojeni pamoja siku tatu kwenye benchi la mbao. Tuligombana juu ya maji, juu ya mjomba, juu ya nani alale begani kwa nani. Kijana mmoja alianguka mbele yetu, akapiga kichwa sakafuni mara nyingi, na watu wote wakarudi nyuma wakaziba pua na midomo kwa nguo, ati wataambukizwa. Zainaba ndiye aliyepiga magoti akamlaza ubavu. Mimi mgonjwa mwenzake nilibaki nimekaa. Niliona haya mpaka nikatamani sakafu ipasuke.

Nilipoitwa, Zainaba alikuwa kaenda kuchota maji. Nikaingia peke yangu. Daktari alikuwa mgeni, macho mekundu kwa kuchoka, akisema Kifaransa na muuguzi akinifasiria. Alinigusa kovu, akauliza habari za harufu, akasema ni kifafa, kimetokana na kipigo. Vidonge vyeupe, mara tatu kwa siku, bila kukosa. Kisha akauliza kazi yangu. Nilipomjibu aliweka kalamu chini.

"Gari basi," muuguzi akafasiri. "Anasema utaua mtu."

Akaandika karatasi nimpelekee tajiri yangu, akapiga muhuri. Nikaikunja ndogo sana.

Zainaba alikuwa ukumbini na chupa ya maji. "Kasemaje?"

"Kasema ninywe dawa, nitapona."

"Na gari?"

"Kasema niendeshe taratibu tu."

Akashusha pumzi, akacheka, akanipa maji. Tuliporudi Mutsamudu, karatasi niliitia katika mfuko wa ndani wa joho langu la harusi, mahali ambapo hakuna mtu angetia mkono.

Vidonge viliniokoa na viliniudhi. Ulimi ukawa mzito. Hasira zikawa karibu. Kitandani nikawa gogo, na Zainaba alidhani nina mwanamke mwingine bandarini. Tulinuniana mwezi mzima kwa jambo ambalo neno moja lingelimaliza. Lakini kuanguka kulikoma. Hata harufu ikawa nadra, na ilipokuja mara mbili niliwahi kutoka njiani, nikazima injini, nikalala juu ya usukani mpaka ikapita. Nikajiona hodari. Nikajitungia sheria zangu: mwendo wa chini, nafasi kubwa mbele, abiria asikae karibu nami akaniona. Kwa maneno mengine nilijihami na dunia nzima, na hatari nikaipakia mwenyewe kila asubuhi na kuipeleka bandarini.

Ikaja Ramadhani ya mwaka uliofuata. Vijana wa bunduki walikuwa wakiwacheka wanaofunga, wakivuta sigara mbele yao barabarani, kwa hiyo kila mtu Mutsamudu alifunga kwa ukaidi, hata wagonjwa, hata wazee wa kuegemea. Mimi nionekane nameza kidonge na maji adhuhuri? Nife! Nikafanya hesabu ya kijinga: vidonge vitatu ni vitatu, nikavimeza vyote daku. Asubuhi kope zilikuwa nzito kama zimetiwa unga wa ngano mbichi. Siku ya tano nikaona nitalala njiani, nikapunguza vikawa kimoja. Tangu wakati huo nimekutana na wagonjwa wengi waliofanya vilevile. Ndugu yangu, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Kabla mwezi haujaandama, nenda kwa daktari na kwa shehe, uwaulize wote wawili.

Abdu alikuwa mdogo wake Zainaba, fundi cherehani, mtu wa mzaha, ndiye pekee katika ukoo ule aliyenitetea kwa mzee Bakari. Jioni ile alikuwa Ouani kwa mteja akaniomba lifti. Sikutaka akae mbele. Nikamwambia apande juu ya mbao, kuna upepo mzuri.

"Shemeji, unanipakia kama mbuzi?" akasema, akapanda akicheka.

Ilikuwa imebaki saa moja kufuturu. Harufu ya karafuu ilinijia tumekaribia Mutsamudu, bahari kulia kwetu, jabali kushoto. Sasa nasema jambo ambalo hata nilipokiri mara ya kwanza nililimeza: nilikuwa na muda wa kusimama. Kulikuwa na nafasi ya kutosha pale pale. Lakini nyuma yangu kulikuwa na gari la watu wanaowahi futari, wakipiga honi, nikaona haya kuwazuia. Nikasema nitasimama mbele kidogo.

Nilizinduka nina vioo mdomoni. Lori lilikuwa limekata barabara kwenda kushoto, limebamiza jabali, limelala ubavu. Injini ilikuwa bado inanguruma na magurudumu yanazunguka hewani. Mbao zilikuwa zimemwagika barabara nzima, na chini ya mbao mtu alikuwa akipiga kelele jina la mama yake. Nilitambaa. Mguu wa kulia wa Abdu ulikuwa umesagwa chini ya goti, mfupa uko nje, kiatu kimeangalia nyuma. Tulinyanyua mbao watu saba. Kila ubao uliponyanyuliwa alipiga yowe, na mimi nikimwambia samahani, samahani, samahani, mpaka mtu mmoja akaniambia ninyamaze.

Mguu ulikatwa siku ya pili. Fundi cherehani anayekanyaga mashine kwa miguu. Haya, fikiria mwenyewe.

Wale vijana walitaka mhalifu, na walimpata siku hiyo hiyo. Wiki ile Msa, makanika wetu, alikuwa amebadilisha breki za lori. Wakasema kakata breki kuhujumu mapinduzi. Walimtoa gereji kwake kwa mateke, wakamfungia katika ghala moja karibu na bandari. Msa, mtu ambaye aliwahi kunikatalia nisiondoke na lori kwa sababu ya nati moja tu!

Siku ya kwanza nilinyamaza, nikasema kichwa kinaniuma. Siku ya pili nilipita nyuma ya ghala nikamsikia. Walikuwa wakimpiga kwa mkanda wa injini. Mtu akipigwa hivyo sauti yake haifanani naye, lakini nilimjua. Nikaenda hospitali, nikamkuta Zainaba anampangusa mdogo wake jasho.

"Mungu amlaani Msa," akasema. "Amlaani na mikono yake."

Sikusema amin wala sikusema usimlaani. Nilikaa.

Siku ya tatu mke wa Msa, Echati, alinijia nyumbani. Alikuwa na shati la mumewe, amerudishiwa akalifue, limeganda damu mgongoni. Hakulia. "Wewe ulikuwa ndani ya gari, kaka Halidi," akasema. "Niambie tu. Breki zilishika?"

"Sikumbuki."

Alilikunja lile shati. "Wanasema Ijumaa watamtoa mbele ya watu. Jaribu kukumbuka," akasema, akaenda zake.

Ilikuwa Jumatano. Najua ulivyo moyo wa mtu mwoga kwa sababu niliukalia usiku na mchana ule wote. Nikisema, lori basi, nyumba basi, Zainaba basi, na wale vijana huenda wakanimaliza. Nisiposema, watamuua Msa kwa breki zilizokuwa nzima kabisa. Alhamisi asubuhi nilishuka mpaka ghalani.

"Breki zilikuwa nzima," nikamwambia mkubwa wao, kijana asiyetimia miaka ishirini. "Mimi nina kifafa. Nilipotewa na fahamu."

Wakaangua kicheko. Walidhani namkingia kifua rafiki yangu. Mkubwa wao akanizaba kofi. "Una kifafa? Haya, anguka tuone."

Lahaula! Ugonjwa ule ulioniangusha mbele ya wakwe, ulioniangusha juu ya wali, sasa nauita hauji. Wakanizaba tena. Mlango wa ghala ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona Msa chini, uso umevimba hana macho, anatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Nikasema, "Mwiteni mke wangu. Mwambieni alete karatasi iliyomo ndani ya joho langu la harusi."

Zainaba alikuja baada ya nusu saa, mbio, shiromani imemteleza. Karatasi ilikuwa mkononi, bado imekunjwa. Kwa adabu yake hakuifungua.

"Bweni, soma," mkubwa wao akamwamuru, bweni kwetu ni bibi. "Kwa lugha yetu, wote wasikie."

Akaifungua. Akasoma kwa sauti ile ya darasani, neno kwa neno: kwamba Halidi fulani ana kifafa, kwamba vidonge ni mara tatu kwa siku, kwamba kuanzia tarehe ile, na hapo akaurudia mstari kwa kidole, akaanza upya, kuanzia tarehe ile ni marufuku kwake kuendesha gari la aina yoyote, kwani atahatarisha maisha ya watu. Akasoma tarehe. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Akasoma mpaka jina la daktari.

Akamkabidhi kijana karatasi. Akanigeukia, akanipiga ngumi ya mdomo, si kofi, ngumi, damu ikanitoka.

"Nimemlaani mtu wa watu siku tatu," akasema. "Siku tatu, Halidi, nawe umekaa pembeni yangu!"

Kisha akamwambia yule kijana, "Mfungueni Msa. Huyu alijua."

Walimfungua. Mimi walinipiga mpaka walipoona uvivu, wakaniweka ndani mwezi mmoja, na humo ndimo nilipoanguka, mara nyingi, bila vidonge, juu ya sementi. Nilipotoka nilikuta nguo zangu zimefungwa vizuri katika shuka, ziko nje ya mlango wa Zainaba, na juu yake vidonge vyangu vya mwezi. Mpaka leo sijui vidonge vile alivipata wapi, maana hospitali havikuwapo.

Nilikwenda Badjanani kwa mama mdogo. Nilimeza dawa mara tatu kwa siku, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Nilibeba samaki, nilishona nyavu, nilikuwa mzigo. Kashkazi moja ikapita, serikali ile ikapinduliwa, wale vijana wakatupa bunduki na kurudi kwa mama zao. Abdu ndiye aliyeniandikia, si dada yake. Barua ilikuwa fupi: sasa anashona kofia kwa mkono, mguu haumo katika kazi hiyo, Zainaba bado ana hasira lakini ameuliza kama ninakula, njoo, ila upitie kwa Msa kwanza.

Nikaenda. Nilimkuta Msa gerejini, yuko chini ya pikapu, wateja watano wamekaa kwenye magurudumu makuukuu wakingoja. Alitoka, akajipangusa mikono polepole. Sikio lake la kulia lilikuwa limekunjamana, limekufa kwa kipigo. Hakuitikia salamu yangu. Alinirushia funguo za lile pikapu.

"Liendeshe mpaka bandarini urudi. Nataka kujua breki zake."

"Siwezi, Msa."

"Kwa nini?"

"Si unajua."

"Sijui kitu mimi."

Wateja walikuwa wametega masikio. Nikamsogelea nikasema chini chini, "Nina kifafa."

Akanigeuzia lile sikio lililokufa. "Sisikii upande huu."

"Nina kifafa."

"Sisikii!"

"Nina kifafa!" nikapiga kelele, sauti ikapasuka, mpaka wanawake waliokuwa ng'ambo ya njia wakasimama na ndoo zao. "Nina kifafa, nilijua, na breki zako zilikuwa nzima!"

Msa aliinama, akaokota funguo nilizoziacha zianguke, akafungua mlango wa upande wa dereva akaingia yeye.

"Haya," akasema, "panda upande wa pili. Twende tukazisikilize."